Chupa Chini ya Mto

Wodi za saratani zina kauli inayopendwa sana: mambo ya imani tuwaachie mashehe na wachungaji, sisi tutibu ugonjwa. Inasikika kama heshima. Kwangu ni ukwepaji uliovaa koti jeupe.

Mgonjwa haiachi imani yake getini pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Anaingia nayo, ila ameificha: chupa ya maji ya upako chini ya mto, kombe la aya za Kurani alilokunywa alfajiri, azma ya kufunga Ramadhani yote. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Aliyefunga ataruka dozi za mchana kimyakimya, na kesho faili litaandikwa "maumivu hayajatulia", dozi iongezwe. Hakuna aliyemuuliza! Na dini yake yenyewe inamruhusu mgonjwa kula. Mwenzake wa kitanda cha pili anaikataa mofini kwa sababu maumivu ni mtihani wa Mungu, na mtihani haukimbiwi. Huyo naye ataitwa mbishi.

Mwaka 2011 watu walipanga foleni za magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mponyaji wa huko, kwa Sh500, wengine wameacha dawa nyumbani. Wasomi tuliwacheka. Babu hakuwa na nafasi ya kumsikiliza mtu mmoja mmoja, lakini aliutaja ugonjwa na Mungu kwa pumzi moja. Hospitali zetu zilikuwa zimeona haya.

Nitaambiwa dini ndiyo inayowapotosha wagonjwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, wa wagonjwa 343 wa saratani iliyokomaa, ulikuta kwamba walioungwa mkono sana na jumuiya zao za dini ndio walioelekea zaidi kumalizia siku zao ICU, na walioelekea kidogo zaidi kupata huduma ya hospisi, yaani tiba shufaa ya mwisho wa uhai. Wapinzani wangu hufunga kitabu hapo. Wangesoma mbele kidogo: hao hao, walipohudumiwa kiroho na timu ya hospitali yenyewe, walipata huduma hiyo ya hospisi zaidi.

Daktari mhubiri simtaki. Mgonjwa aliyelala na dripu hawezi kutoka nje ya mahubiri. Nataka swali tu, kwenye raundi, baada ya lile la usingizi na choo: "Mama, katika ugonjwa huu unamtegemea nani, na anasemaje kuhusu dawa zetu?" Kisha daktari asubiri jibu, hata kama chupa itatolewa chini ya mto.