Injini Kuukuu Ipewe Nafasi Darasani

Yamkini wako watakaocheka wakisikia kwamba ninazungumzia magari na Lamu kwa pamoja, mji ambao vichochoro vyake vilijengwa kwa kiasi cha punda na mzigo wake. Kwa miaka mingi gari lililojulikana kisiwani humo lilikuwa Land Rover la Mkuu wa Wilaya. Mabasi na malori huishia Mokowe, ng'ambo ya bara.

Ni huko Mokowe nilikoshuhudia Land Rover la petroli, lenye umri mkubwa kuliko dereva wake, likikataa kuwaka. Stata iliguna, injini ikakohoa mara moja, kisha kimya. Waliokusanyika walitoa hukumu papo hapo: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi mmoja mzee hakuafiki. Alifungua kifuniko cha distributa, akazichungulia pointi, akasema taimingi imepotea.

Ndugu msomaji, cheche ya plagi aghalabu hutakiwa kuruka kabla kidogo ya pistoni kufika kileleni, kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa huhitaji muda wa kuungua. Nahodha naye hangoji mashua iguse mwamba ndipo ageuze usukani. Cheche ikitangulia mno, nguvu ya moto huisukuma pistoni nyuma, na anayepiga hendeli aweza kuvunjika mkono. Ikichelewa, injini huwa nzito, hupata joto na kukosa nguvu. Tuseme injini inazunguka mara 1,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.06, na digrii 6 za mzunguko huo ni sekunde 0.001. Mwanafunzi wa kidato cha pili aiweza hesabu hiyo. Lakini ni wangapi waliowahi kuiona ikifanya kazi?

Mzee yule alianza na pointi: akazisafisha, akapima pengo lake. Hakukosea kuanzia hapo, maana pengo likipungua pointi huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa pamoja nazo. Kisha aliizungusha injini kwa hendeli hadi silinda ya kwanza ikafika mwisho wa mgandamizo na alama ya puli ikaelekeana na mshale wake. Akalegeza distributa, akaunganisha taa ndogo, akafungua swichi, akaigeuza distributa polepole mpaka taa ikawaka. Hapo ndipo pointi zilipofunguka. Akakaza. Gari likaitika kwa pigo la pili, na hakuna kilichonunuliwa.

Nalisema hili kwa walimu wenzangu hasa. Mipigo minne ya injini ya Otto, iliyoundwa mwaka 1876, tumeichora ubaoni hadi chaki zikaisha, na wanafunzi wameikariri kama mashairi ya mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisifiwa kwa masomo ya vitendo, ilhali shule nyingi zilikosa karakana na vifaa. Mtaala wa umilisi umeleta ahadi ile ile. Nani atauletea vyuma?

Wapo watakaosema kwamba magari ya leo hayana pointi, na kwamba kompyuta ndiyo huamua wakati wa cheche. Ni kweli. Lakini kompyuta hiyo huamua jambo lile lile aliloliamua mzee kwa taa na spana. Kijana asiyelijua jambo lenyewe atabadilisha vipuri kimoja baada ya kingine, kwa fedha za mteja, hadi abahatike.

Kwa hivyo napendekeza kila shule ya sekondari ya visiwa hivi ipate injini moja kuukuu ya petroli, iliyofungwa imara juu ya fremu, kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajaimaliza kwa nyundo. Vichochoro si kisingizio. Gari zima halihitajiki. Injini itavushwa kwa jahazi kutoka Mokowe, na mkokoteni utaifikisha shuleni.