Wapare, Makande Yamewakosea Nini?

Ndugu zangu wa Myamba, nawaandikia kwa upendo, ila ni upendo ulioshika fimbo. Juzi niliingia nyumba moja huku kwetu milimani. Chungu cha makande kilikuwa kinachemka jikoni, harufu yake ikinifikia pale nilipoketishwa. Mama mwenye nyumba akamtuma mtoto dukani mbio: soda na mkate. Nilipoyaulizia makande akacheka kwa haya: "Hayo ni ya sisi wenyewe, baba." Nikanywa soda huku roho ikiniuma.

Makande yalikuwa aibu tangu lini? Wazee wetu walichimba ndiva, yale mabwawa ya maji ya kumwagilia, na mifereji ya milima hii tumboni mwao mkiwa na mahindi na maharage, wakapanda na kushuka makorongo bila kujua kisukari ni kitu gani. Maharage na mahindi mazima husagwa tumboni polepole. Sukari yake huingia damuni kidogo kidogo, na kongosho likatoa insulini bila kutweta. Soda haina subira hiyo. Chupa ya mililita 300 ina sukari yapata vijiko 7 vya chai, nayo huingia damuni kama ndiva iliyofunguliwa usiku bila mlinzi. Mtu akinywa leo hafi. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walipima watu wa vijiji 6 vya nchi hii, na wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hata kama vipimo havikufanana, pengo hilo si la kuzibwa kwa maneno.

Nasi ni watu wa dini! Nawasifu: wengi wenu pombe mmeikana, wengine hata nyama, kwa kuwa mwili ni hekalu. Sasa hekalu hilo mbona mnalijaza chapati, sembe nyeupe na chai ya vijiko vinne? Tangawizi yetu inayosifiwa nchi nzima tunaipeleka sokoni, kikombeni tunabakiza sukari. Na vijana nao, kwenda kanisani ni lazima wapande bodaboda, njia ile ile ambayo bibi zao wanaipanda na kuni kichwani.

Simlaumu kila mgonjwa. Wapo watoto ambao kongosho lao huacha kutoa insulini bila kosa lao wala la mama zao, na wapo walioipokea hatari hii katika ukoo. Ninaowasema ni wale wanaoona kiu isiyokatika, mkojo wa kila saa na kidonda cha mguu kisichopona, kisha wanamtafuta jirani aliyewaroga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni. Nendeni mkapime, hasa mliovuka miaka 40 na mlionenepa kiunoni.

Na hapa niruhusuni kidogo, ingawa si habari niliyoanza nayo: hizi harusi zetu! Kamati inakaa miezi, michango inadaiwa kama kodi, na fahari yote ni kreti za soda zilizopangwa hadi darini. Ada ya mtoto wa shule, huyo huyo anayechangishwa hana. Bwana harusi anaanza nyumba na deni, wageni wanaondoka na sukari. Nani aliyetufundisha kwamba sherehe bila chupa si sherehe?

Mimi kamati nimekwisha kuiambia. Safari hii mchango wangu ni debe la maharage na mahindi ya kupikia makande, na nitakuja kwa miguu kuyala. Kreti ya soda wasinidai.