Ndugu Wakigombana, Mfanya Kazi Avuna Nini?

Ndugu wafanya kazi wa Thika na Ruiru,

 Naomba nafasi katika karatasi yetu hii niseme neno juu ya jambo ambalo wengi twalinong'ona na wachache twalisema wazi.

Juzi saa ya chai wenzangu walikuwa wakibishana juu ya vita vya Warusi na Waukraine. Mmoja alisema, "Hawa ni ndugu. Lugha zao zakaribiana, makanisa yao yafanana. Wapigania nini?" Mwingine akajibu kwamba hayo ni ya wazungu, hayatuhusu sisi ila kwa bei ya unga wa ngano. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimesoma habari moja ambayo haijanitoka moyoni.

Mnamo Julai 1989, wakati nchi zile zilikuwa bado chini ya serikali moja ya Kisovieti, wachimba makaa ya mawe waligoma. Waligoma wa Kuzbass huko Siberia, katika Urusi, na mara wakafuatwa na wa Donbas katika Ukraine. Walikuwa mamia ya maelfu. Katika madai yao mojawapo lilikuwa sabuni. Mtu alitoka chini ya ardhi mweusi kama chungu, asipate sabuni ya kuoga. Mrusi alidai sabuni, Mwukraine alidai sabuni, na hapakuwa na aliyemwuliza mwenziwe kabila. Tarehe 1 Desemba 1991 Ukraine ilipiga kura ya kujitawala, na hata katika Donetsk, ambako Warusi ni wengi, zaidi ya watu 8 katika kila 10 waliopiga kura walikubali. Lakini mwaka 2014 vita vilianza katika eneo hilo hilo la makaa ya mawe, na Februari 2022 jeshi la Urusi likaivamia nchi nzima.

Sisemi makosa ni sawasawa. Jeshi lililovuka mpaka ni la Urusi, na wakubwa wa Moscow walikwisha sema kwamba Waukraine na Warusi ni watu wamoja, yaani mdogo hana haki ya kuwa na nyumba yake. Lakini mimi ni mfanya kazi, na swali langu ni la mfanya kazi: mkono ulioomba sabuni pamoja na mwenziwe, ulipewaje bunduki ya kumpiga mwenziwe huyo?

Swali hili nalileta nyumbani. Kwetu hapana jeshi lililovuka mpaka, na mfano haulingani kila upande. Lakini tunao ugomvi wetu wa siku nyingi, nao ni wa Wakikuyu na Waluo. Mimi ni Mkikuyu. Kwa hiyo yafaa nianze na ya kwetu.

Wengi wetu hawajui kwamba Tom Mboya, Mluo, alizaliwa karibu na hapa. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge, ambako baba yake alikuwa nyapara. Baadaye alisoma katika shule ya misheni ya Mang'u. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya wakoloni iliuzingira mji wa Nairobi, ikawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi walikuwa miongoni mwao. Aliyebaki na kusema kwa niaba ya waliokamatwa, wakati kusema kulikuwa hatari, alikuwa Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama. Tena mwaka 1958, jina la Kenyatta lilipokuwa haramu, ni Oginga Odinga aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi wa watu. Mwaka 1961 KANU ilishinda uchaguzi, ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta afunguliwe.

Hebu niambieni, ugomvi wa damu ulikuwa wapi siku hizo?

Ugomvi ulikuja baada ya Uhuru, nao haukuanza na kabila. Ulianza na mashamba na mkate. Odinga alisema kwamba maskini wamesahauliwa. Na aliyekuwa pamoja naye alikuwa nani? Alikuwa Bildad Kaggia wa Kandara, hapo juu tu ya Thika, Mkikuyu, mtu wa vyama vya wafanya kazi, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Kaggia aliuliza kwa nini watu waliopigania ardhi wanunue ardhi hiyo hiyo. Na aliyeutengeneza mkutano wa Limuru wa Machi 1966, uliomwondolea Odinga cheo chake katika chama, alikuwa nani? Alikuwa Mboya, Mluo. Basi tazameni vizuri. Upande mmoja Kenyatta na Mboya, Mkikuyu na Mluo. Upande wa pili Odinga na Kaggia, Mluo na Mkikuyu. Swali lilikuwa moja: nani apate shamba, na nani abaki kibarua?

Swali hilo halikujibiwa. Lilivishwa nguo ya kabila, likapotea machoni petu.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi mchana, akitoka katika duka la dawa. Aliyehukumiwa kwa kosa hilo alikuwa Mkikuyu. Baada ya hapo watu wa kwetu walichukuliwa kwa malori mpaka Gatundu, wakala kiapo kwamba serikali isitoke katika nyumba ya Mumbi. Makanisa yalipinga, na Wakristo waliokataa kiapo waliteswa. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, maneno makali yakapita kati yake na Odinga mbele ya watu, mawe yakatupwa, na walinzi wakapiga risasi katika umati. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Watu wa Kisumu wasema walikuwa wengi zaidi. Chama cha Odinga kilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini.

Tangu hapo imekuwa ni kupatana na kuachana. Mwaka 1992 Odinga na Matiba waligawana chama cha FORD, na Moi akashinda kwa kura kama 36 tu katika kila 100. Mwaka 2002 Raila alisema "Kibaki tosha," na nchi nzima ikaimba. Mwaka 2005 waliachana katika kura ya katiba. Mwisho wa 2007 matokeo ya uchaguzi yalikataliwa, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Kisumu maduka ya Wakikuyu yalichomwa. Naivasha Waluo walichomwa ndani ya nyumba, na wengi huko walikuwa vibarua wa maua, watu kama sisi. Kibera reli iling'olewa. Mwaka 2018 wakubwa wakapeana mikono tena.

Kila kabila lina orodha ya maiti wake, na orodha zote mbili ni za kweli. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie, "Wao ndio walioanza." Atakayeanza kuhesabu hivyo hatamaliza.

Sasa nitasema langu. Januari 2008 nilikuwa kijana, kibarua katika kiwanda kimoja hapa, nakaa katika ploti moja na Mluo ambaye alinifundisha kazi ya mashine. Alikuwa mtu mzima, mimi namwita mzee. Usiku mmoja walipita vijana wakagonga milango wakiuliza majina. Kulipokucha mzee alianza kufunga mizigo yake. Alikuwa na baiskeli nzuri. Akaniuliza kama nitainunua, maana hataweza kuibeba. Nilimpa shilingi 500. Nilijua thamani yake haipungui 3,000, naye alijua kwamba najua. Alizipokea, akaniambia, "Asante, kijana wangu."

Mimi sikumpiga mtu. Sikugonga mlango wa mtu. Kwa miaka mingi nilijisifu kwa hayo. Lakini baiskeli ile niliipanda miaka miwili, na yule mzee hakurudi. Basi najua jibu la swali langu la Donbas, walau kwa upande mmoja. Mkono haupewi bunduki siku moja. Kwanza hupewa faida ndogo. Hupewa baiskeli ya bei rahisi, nafasi ya kazi ya mtu aliyekimbia, chumba chake kilichobaki wazi. Ukiisha kuipokea faida hiyo, wahitaji sababu ya kuipokea, na sababu iliyo karibu ni kusema kwamba yule si mtu kama wewe.

Wenzangu, wahenga walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Yaani mwenye akili haingilii ugomvi wa ndugu, maana watapatana. Sisi twafanya kinyume. Wakubwa wakigombana, tunachukua rungu. Wakipatana, wao ndio wachukuao kapu.

Na tajiri naye hufaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa mwezi, wala si wa kutwa. Vibarua wa mahali fulani nilipofanya kazi walijiandaa kuidai haki hii. Siku mbili kabla ya kwenda ofisini, nyapara alitembeza neno kwamba kamati ni ya Waluo na kwamba wao ndio watakaoandikwa. Wakikuyu wakajitoa. Kwa Waluo likatembezwa neno la pili, kwamba Wakikuyu wamekwisha ahidiwa nafasi. Waluo wakajitoa. Hapakuandikwa mtu hata mmoja. Neno lile halikumgharimu tajiri hata senti tano, nalo lilimwokolea mishahara ya watu wengi.

Najua wako watakaosema, "Chama kisiingie siasa." Haya si mambo ya kutafuta kura. Ni mambo ya mshahara na ya usalama wa mwanachama. Wengine watasema kwamba ukabila umekwisha, vijana waoana, waandamana pamoja barabarani. Ni kweli kwamba mwaka 2024 vijana wa makabila yote waliandamana pamoja kuupinga mswada wa kodi, na jambo hilo lilinifurahisha sana. Lakini na wachimba makaa wa 1989 walisimama pamoja. Kusimama pamoja mara moja hakutoshi, kama hakuna kazi ya kila siku ya kuushika umoja huo.

Kwa hiyo naleta mambo matatu kwa matawi yetu yote.

La kwanza, katika mikutano ya chama na kamati, iwe ni Kiswahili tu. Nyumbani kila mtu aseme lugha ya mama yake, nayo ni nzuri. Lakini katika kamati neno likisemwa kwa lugha ambayo mwenzako haisikii, hilo ni neno lililofichwa, hata kama lilikuwa la kuomba chumvi.

La pili, mjumbe wa chama achaguliwe kwa kazi yake. Wagombea wasimame mbele ya watu waeleze wamepeleka mashauri mangapi ofisini na yalikwishaje. Anayeuliza "huyu ni wa wapi?" ajibiwe, "Ni wa mashine namba fulani."

La tatu ndilo zito zaidi. Agosti 2027 ni uchaguzi mkuu. Kila tawi liandike mapema nani anakaa ploti gani, na majirani wanachama waahidiane kwa majina kwamba mlango wa mmoja ukigongwa usiku, wote watatoka. Tena tukubaliane hili: mwanachama asinunue mali ya mwenziwe anayekimbia. Na achukue funguo amtunzie vitu mpaka arudi. Anayenunua kitanda cha mtu aliyetishwa amenunua mali ya wizi, hata kama alilipa na kupewa asante. Nasema hivi nikiwa mmoja wa walionunua.

Kenyatta alifariki mwaka 1978, Odinga 1994, Kaggia 2005, na Raila 2025. Waliogombana wamekwenda zao mmoja mmoja, na wengi wao walipatana na kuachana mara nyingi kabla ya kufa. Ugomvi umebaki kwetu kama mzigo uliosahauliwa stesheni, usio na mwenyewe. Sisi watu wa reli twajua mzigo kama huo unavyofanywa. Hauwekwi juu ya kichwa cha mtu mwingine, bali hufunguliwa mbele ya wote waone ulichobeba. Tukiufungua tutakuta ndani yake shamba, mkate, na kazi ya kibarua, yale yale aliyoyauliza Kaggia. Hayo tuyadai pamoja.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
Mfanya Kazi wa Reli, Thika