Fizikia ya Nyumbani: Jiwe, Uzi na Msumari

Hufika siku katika mwaka wa masomo ambapo mwalimu huwaambia wanafunzi wake: «Chagueni jaribio moja la fizikia, mlifanye wenyewe, kisha mniletee daftari.» Hapo wengi hushika tama. Husema: «Sisi watoto wa vijijini tutafanya jaribio gani? Mizani hatuna, kipimajoto hatuna, chumba cha vyombo hatuna.» Basi huchukua kitabu, wakanakili jaribio la mtu mwingine pamoja na majibu yake, bila kugusa kitu cho chote kwa mikono yao.

Jambo hili lina uzito kupita alama za daftari. Mtoto aandikaye kwamba ameona, naye hakuona, ajizoeza uongo. Kesho akiwa mwuguzi atapimaje dawa ya mgonjwa? Akiwa mwashi, nani ataulalia ukuta wake?

Tukumbuke habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, katika nchi ya Tanganyika, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea barafu tamu kwa maziwa na sukari. Mpemba aliyatia maziwa yake katika jokofu yangali moto, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa huko Iringa, alimwuliza swali lile lile Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, aliagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wote wawili wakalitangaza katika gazeti la walimu wa fizikia. Hata leo wataalamu hawajapatana: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima tena, wakaandika kwamba hawakupata ushuhuda wa kutosha. Hata hivyo, swali la kijana aliyechekwa limewapa wakubwa kazi kwa miaka zaidi ya 50.

Je, nasi tufanye jaribio la Mpemba? Pasipo jokofu haiwezekani. Tuchague lile ambalo vyombo vyake tunavyo. Na katika kuchagua, tushike mambo manne. Kwanza, liwe na swali la kweli, yaani swali ambalo watu wawili wanaweza kubishana juu yake. Pili, jibu lipatikane kwa kuhesabu au kupima. Asemaye tu «lilikwenda upesi» hajapima. Tatu, tubadili kitu kimoja tu kila mara, vingine vyote vikae kama vilivyokuwa. Nne, lisilete hatari: petroli, kopo lililozibwa na kuwekwa motoni, na nyaya za umeme si vyombo vya mwanafunzi.

Hili hapa jaribio lililo na mambo yote manne. Chukua uzi wa nyavu usiovutika, jiwe dogo, msumari, utepe wa mshonaji, na saa yenye sekunde. Ya simu yafaa pia. Pigilia msumari juu ya mlango, ufunge uzi, na jiwe lining'inie kama timazi la mwashi. Toka msumarini hata katikati ya jiwe uwe urefu wa sentimeta 100. Livute jiwe kando kadiri ya vidole vinne, uliachie bila kulisukuma. Hesabu safari 20, kila safari ni kwenda na kurudi, uandike sekunde. Fanya hivyo mara tatu, ujumlishe, ugawanye kwa tatu.

Kisha waulize wenzako: tukifunga jiwe zito zaidi, je, litakwenda upesi? Wengi watasema ndiyo. Jaribuni, lakini angalieni: jiwe kubwa katikati yake iko chini zaidi, kwa hiyo pimeni urefu upya, urudi kuwa sentimeta 100. Mtaona sekunde ni zile zile, karibu 40. Uzito haubadili kitu.

Sasa rudisheni jiwe la kwanza, na fupisheni uzi hata sentimeta 25, yaani robo. Hapo wengi watasema sekunde zitakuwa 10. Kumbe saa itaonyesha karibu 20! Robo ya urefu yaleta nusu ya wakati. Mwenye kuelewa hivyo ameshika kanuni ambayo Mholanzi Christiaan Huygens aliichunguza, naye mwaka 1656 alibuni saa ya ukutani yenye kifimbo cha kubembea.

Wanafunzi wa madarasa ya juu waendelee mbele. Chukueni urefu kwa meta, mzidishe kwa 39,5, mgawanye kwa wakati wa safari moja uliozidishwa kwa wenyewe. Aliyepata sekunde 40 kamili kwa uzi wa meta 1 atapata karibu 9,9. Kitabu chasema 9,8. Hapa ndipo kishawishi kinapokuja! Usifute 9,9 yako. Iandike, kisha ueleze kwamba robo ya sekunde ya kuchelewa kubonyeza saa yaweza kuleta tofauti hiyo. Mwalimu mwema atampa alama nzuri mwenye 9,9 yake kuliko mwenye 9,8 ya kunakili.

Tena namba hiyo si ya darasani tu. Ni kipimo cha jinsi dunia inavyovuta vitu vyote kuelekea chini. Sisi wa Kiambi twaijua Luvua, itokayo ziwa Mweru na kuingia Lualaba penye Ankoro. Mvuto ule ule urudishao jiwe lako katikati ya mlango ndio uangushao maji ya mto huo katika maporomoko. Kwa nguvu ya maji hayo, huko Piana-Mwanga, ulipatikana umeme uliokwenda kwenye migodi ya bati ya Manono.

Wazazi nanyi, tunawaomba jambo dogo. Mtoto akiomba msumari na mlango kwa jioni moja, msimwambie anacheza. Mshikieni saa, au mhesabu pamoja naye. Naye akiuliza swali ambalo ninyi na sisi walimu hatuna jibu lake, asichekwe. Aambiwe: «Tulijaribu.»