Daftari la Wiki: Saa Iliyorudi Nyuma

Jumatatu

Wageni wapandao Mwitongo, hapa Butiama, kulizuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akarejeshwa kuzikwa katika ardhi ya wazee wake, aghalabu huvutwa na yale mawe makubwa yaliyopandana, na pimbi waotao jua juu yake, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka uo huo. Lakini fikira zangu, kila nipitapo pale, huwaendea wale wasiotazamwa na mgeni yeyote, ambao shughuli yao ni kupangusa vitabu, kuchungua kama mchwa hawajapata njia, na kuhakikisha kwamba karatasi iliyosomeka jana itasomeka na kesho. Kazi yao haina siku ya kukamilika, wala haina sherehe, na kwa sababu hiyo naitukuza.

Kazi ya jinsi hiyo imekwisha kuingia majumbani mwetu. Katika nyumba yangu, juu ya kabati lisilofikiwa na watoto, ipo kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, isiyo na kioo wala kibodi, ambayo wanangu huiita sava. Nayo imehifadhi picha za harusi na za misiba, barua za marehemu baba nilizozipiga picha moja moja, kamusi elezo ya Wikipedia isomekayo bila bando kwa programu ya Kiwix, na, jambo nilithaminilo kuliko yote, sauti za wazee wetu wakisimulia kwa Kizanaki habari ambazo hazimo kitabuni. Huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, ambao haudai ada ya leseni, na ambao hukubali kufanya kazi katika mashine kuukuu zilizokwisha kukataliwa na mifumo mingine. Nakala za vitu hivyo hutumwa kila usiku hadi nyumbani kwa dada yangu, Musoma. Mwenye kuiweka sava nyumbani amejitwika amana, na amana sharti iangaliwe.

Jumanne

Usiku ilinyesha mvua ya radi, kwa desturi ya nchi hizi za ukingo wa Ziwa Viktoria, umeme ukakatika hadi alfajiri, na UPS, ambayo kazi yake ni kuipa mashine dakika chache za kujizima kwa taratibu, ikaishiwa nguvu kabla ya wakati. Asubuhi akaja kijana wa jirani, ambaye siku za likizo hujifunza mambo haya kwangu.

“Shikamoo, mzee. Sava imewaka, ila nakala za usiku hazikwenda Musoma.”

“Marahaba, mwanangu. Umegusa kitu?”

“Hapana. Nilitaka niizime niiwashe tena, nikaona heri nikungoje.”

Alifanya vyema kungoja, kwani kuzima na kuwasha, ambako wengi wamekufanya kuwa dawa ya kila maradhi, mara nyingi huharibu ushahidi kabla haujasomwa. Linux huandika yote yatokeayo, tangu dakika ya kuwaka hadi ya kuzimika, na amri ya journalctl -b -1 humfungulia msomaji habari za mara iliyotangulia mashine ilipokuwa hai, maadamu folda ya /var/log/journal ipo. Isipokuwapo, habari hizo hukaa katika kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika hupotea nao.

Tukasoma. Diski ilikuwa salama, kwa kuwa mfumo wa ext4 huandika kwanza mabadiliko unayokusudia kuyafanya ndipo uyatekeleze, na baada ya kukatika kwa ghafla huyarejea maandishi hayo ukapatanisha yaliyovurugika, ingawa neno ambalo lilikuwa bado halijafika diskini limekwenda, wala hakuna hila ya kulirudisha. Kebo ilikuwa imechomekwa vizuri na taa yake ikimetameta, anwani ilipatikana, ruta iliitika, na mashine za mbali tulipoziita kwa nambari zake ziliitika pia. Lakini kila tulipotaja jina badala ya nambari, sava ilisema hailijui jina hilo, ilhali simu zetu, kwa ruta ile ile, zilifungua kila zilichotaka.

Hapo ndipo fundi apaswapo kutulia, maana hitilafu imekwisha kujitenga katika chumba kimoja. Sava yetu haipokei majibu ya majina kwa imani tupu. Programu ya Unbound hukagua sahihi zilizotiwa katika majibu hayo, kuanzia ngazi ya juu kabisa, kwa utaratibu uitwao DNSSEC, na kila sahihi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Maandishi yake yalieleza kwamba sahihi zote bado hazijaanza kutumika. Kijana akaandika amri ya date, na mashine ikajibu kwamba tungali mwaka jana.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri bapa, CR2032 ya volti 3, ambayo huiendesha saa wakati umeme haupo. Yetu ilikuwa imechoka, na usiku ule ukaimaliza. Kwa kawaida saa iliyopotea hujisahihisha yenyewe kwa kuziuliza sava za saa zilizoko katika intaneti, lakini sava hizo nazo huitwa kwa majina. Basi saa ikawa yahitaji jina ili isahihishwe, na jina likawa lahitaji saa ili lithibitishwe, wala hapakuwa na la kutangulia. Tukaiweka saa kwa mkono. Papo hapo majina yakapatikana, na nakala zikaondoka kwenda Musoma. Kisha tukatia betri mpya, ambayo bei yake haimshindi mtu, na katika programu ya saa tukaongeza anwani ya nambari ya ruta, iwezayo nayo kutoa saa, ili siku nyingine pasiwe na haja ya kutaja jina lolote. Wenye Raspberry Pi wajue kwamba kabla ya toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, kompyuta hizo hazikuwa na saa ya betri kabisa, na katika toleo hilo betri yenyewe hununuliwa mbali.

Jumatano

Wakazi wa Musoma wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani ambao, katika majira yao, huinuka juu ya maji kama moshi wa jiko kubwa, kisha huvamia kila palipo na taa. Mizoga yao, ikichanganyika na vumbi, huziba feni na mapezi ya kupoza, na mashine iliyozibwa hupunguza mwendo wake kwa kuogopa joto, mwenyewe akadhani programu imeharibika. Amri ya sensors huonyesha joto. Brashi laini huuondoa uchafu huo. Na atumiaye kompyuta mpakato ya zamani kuwa sava, ambayo betri yake ni badala njema ya UPS, aitazame betri hiyo mara kwa mara: iliyovimba iondolewe, wala isitobolewe.

Alhamisi

Wapo wadhanio kwamba mambo haya ya kompyuta na mitandao yameingia mkoani Mara juzi. Sivyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mradi ulioitwa ICT4RD, ulioshirikisha Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia na chuo cha KTH cha Stockholm, ulijenga katika wilaya za Bunda na Serengeti mtandao wa majaribio uliojulikana kwa jina la Serengeti Broadband Network, ambao ulizitumia nyuzi za fiber zilizofuatana na nyaya za TANESCO, ukaziunganisha shule, hospitali na ofisi za wilaya wakati ambapo miji mingi mikubwa kuliko Bunda haikuwa na cha kujivunia. Mhandisi Amos Nungu, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume hiyo, aliufanya mtandao huo kuwa mada ya utafiti wake huko Stockholm; na miongoni mwa mambo aliyoyachunguza pamoja na wenzake ni lile lile lililonikalisha juzi mbele ya mashine, yaani umeme: namna ya kuunda ruta za gharama nafuu, ziendeshwazo kwa Linux na zilazo umeme kidogo, hata betri iweze kuzibeba saa za giza. Nasikitika kwamba vijana wetu wa Bunda, ambao hulijua vyema jina la California, hawafundishwi kwamba maswali hayo yalitafutiwa majibu katika wilaya yao.

Kadhalika, mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zizungumzazo Kiswahili, zilizotokana na kazi ya watu waliotaka Linux nayo izungumze lugha hii. Kazi hiyo ilistahili kuendelezwa kwa nguvu kuliko ilivyoendelezwa.

Huniuliza watu, kwa nini nijisumbue na sava ilhali makampuni ya ng'ambo hupokea picha zetu kwa hiari? Nami huwakumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku ile aliyekuwa ameweka kila kitu ng'ambo alilazimika kungoja meli ya mafundi. Wenye sava nyumbani waliendelea kusoma, kusikiliza na kuandika, kwa sababu baina ya simu zao na vitu vyao palikuwa na ukuta mmoja tu.

Ijumaa

Masahihisho. Toleo la Debian, ambalo ndilo nitumialo, hupata miaka mitatu ya masahihisho kamili, kisha miwili ya usalama tu. Na mwenye kuliacha toleo lipitwe na muda wake amewaachia wezi mlango wazi. Nafikiri hapa juu ya Mwalimu mwenyewe, ambaye tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, naye, pamoja na mzigo wote wa kuiongoza nchi, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu yule hakuona aibu kuisahihisha kazi iliyokwisha kusifiwa.

Ama wezi, hawachagui. Sava iliyofunguliwa mlango nambari 22 kwa intaneti yote hubishiwa hodi muda si mrefu na mashine zijaribuzo majina ya root na admin, mchana kutwa. Kwetu mlango huo hauonekani nje. Atakaye kuingia akiwa Dar es Salaam hupita kwa WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, ambayo haimjibu neno asiye na ufunguo. Nayo njia hii yafaa kwa sababu nyingine: mitandao ya simu aghalabu huwapa wateja wengi anwani moja ya kushiriki, kwa hiyo nyumba haiwezi kufikiwa kutoka nje mpaka yenyewe ianze kuita. Mahali pa kukutania ni sava ndogo ya kukodi yenye anwani yake.

Jumamosi

Leo tulijaribu kurejesha. Diski mbili zenye kuakisiana ndani ya mashine moja si akiba, kwani faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutwa kotekote, na radi ikipiga huzipiga zote. Ndiyo maana nakala ya pili huwa katika diski iliyochomolewa, na ya tatu katika nyumba ya dada yangu kule Musoma, ikiwa imefungwa kwa siri isiyosomeka hata na aichukuaye. Lakini nakala iliyotumwa kila usiku kwa mwaka mzima, bila kufunguliwa hata mara moja, ni dhana tu. Na nimewaona watu makini waliogundua siku ya msiba kwamba walikuwa wakihifadhi folda tupu.

Kwa hiyo kijana alichagua faili bila kuniuliza, nalo likawa simulizi la bibi mmoja juu ya njaa ya utotoni mwake. Tukalirejesha kutoka Musoma katika folda ya pembeni, tukalinganisha nakala mbili kwa sha256sum, herufi zote 64 zikawiana. Kisha tukalisikiliza hadi mwisho, maana hesabu huthibitisha tu kwamba faili ni lile lile. Kama sauti yasikika, hilo sharti sikio lilihakiki. Bibi alisikika vizuri, pamoja na kuku wa uani.

Programu ya smartctl, ikaguayo hali ya diski, imeonyesha kwamba diski ya kwanza imeanza kuhamisha sehemu zilizokufa, chache bado, ila idadi imeongezeka tangu tulipotazama mara ya mwisho. Sitangoja iongezeke zaidi. Diski mpya imeagizwa Mwanza. Ikifika, kijana ndiye atakayeibadilisha, nami nitaketi pembeni.