*TAMKO LA TAWI: KODI YA MIEZI SITA INAWASUKUMA WATU WETU PEMBENI YA MJI*



Tawi letu la Mtowisa linatoa msimamo juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi hapa bondeni: upangaji wa vyumba mjini Sumbawanga. Kila mwaka watoto wetu hupanda mlima kwa njia ya Muze na Ntendo kwenda kusoma au kutafuta kazi. Wengine huenda kuuguza mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wote wanahitaji chumba, na wengi wanakutana na sharti lile lile: lipa miezi sita kwanza, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Tunasema wazi kwamba sharti hilo linamuumiza mwenye kipato kidogo kuliko mtu mwingine yeyote.

*Tupige hesabu pamoja.* Tuchukulie chumba cha mitaa ya zamani katikati ya mji, kama Mazwi, ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mpangaji wa pale anakwenda sokoni, kazini na hospitali kwa miguu. Tuchukulie chumba cha pembeni ni 20,000, lakini kazini ni bodaboda 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi, nauli peke yake ni 52,000 kwa mwezi.

Kwa miezi sita, pamoja na dalali, wa katikati anatumia 280,000. Wa pembeni anatumia 140,000 za chumba na 312,000 za bodaboda, jumla 452,000. Chumba kinachoitwa cha bei rahisi kimemzidi mwenzake kwa shilingi 172,000.

Kwa nini basi kijana wetu anachagua cha pembeni? Kwa sababu siku ya kwanza ana 150,000 mfukoni. Angeweza kabisa kulipa 40,000 kila mwezi, ila hana 280,000 za mkupuo. Akitaka kuokoa nauli, anatembea alfajiri na usiku njia zisizo na taa, na mabinti zetu ndio wanaopata hofu zaidi.

*Jambo hili lina historia.* Mwaka 1971 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na mpangaji akawa na baraza la kukimbilia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na masharti ni makubaliano ya watu wawili, na katika makubaliano hayo mwenye funguo ndiye mwenye sauti.

*Wapo wanachama wenye hoja tofauti, na tumewasikia.* Wanasema mkulima wa mpunga na ufuta hupata fedha mara moja kwa mwaka, hivyo kulipa kwa mkupuo baada ya mavuno kunamsaidia. Ni kweli. Anayetaka kulipa mwaka mzima alipe, na aombe apunguziwe. Lakini shule hufunguliwa Januari, wakati mpunga bado uko shambani. Mzazi huyo asilazimishwe kuuza ng'ombe au kukopa ili mtoto apate pa kulala. Kulipa mkupuo iwe hiari ya mpangaji.

Wenye nyumba nao wana hofu yao: mpangaji wa mwezi mmoja anaweza kutoroka na deni. Hofu hiyo inatibika kwa amana ya mwezi mmoja, mdhamini anayejulikana na karatasi iliyosainiwa.

*Kwa hiyo Tawi linasimamia haya:*

1. Kodi ilipwe kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu kwa mkupuo, isipokuwa mpangaji mwenyewe ameomba.

2. Kila upangaji uwe na maandishi: kiasi cha kodi, muda, nani analipa LUKU na maji, na notisi ni ya siku ngapi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa mwezi kwa mwezi. Kila malipo yawe na risiti, hata ya mkono.

3. Mtu asitolewe vyombo nje kwa ubabe. Mgogoro upelekwe Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ukishindikana uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

4. Madiwani na wabunge watakaokuja kuomba kura zetu waulizwe: mko tayari kupeleka suala la kodi ya mkupuo kwenye vikao vyenu?

Tuanze na sisi wenyewe. Wapo wanachama wenye nyumba za kupangisha mjini, na wapo wanaowapangisha walimu na wauguzi hapa hapa Mtowisa. Hatuwezi kudai haki Sumbawanga huku tukimdai mwalimu mgeni miezi sita kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza. Tunawaomba wanachama hao wawe wa kwanza kupokea kodi ya mwezi.

Mwenye mtoto anayehamia mjini afike ofisi ya Tawi kabla hajatoa fedha kwa dalali. Tutamsaidia kuandika mkataba wa ukurasa mmoja na kumtafutia mwanachama mwenzetu wa kumdhamini.

Tafadhali msomee na jirani asiye na simu.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi, Mtowisa_