Kambi inakaribia: usinihesabie wanaokuja, nihesabie waliobaki



Mnakijua kile kipindi. Ligi imekwisha, timu hazijaingia kambini, dirisha la usajili liko wazi, na baridi ya Julai inakata masikio. Hapo ndipo kila mtu wa Mbeya anageuka kuwa katibu wa usajili. Nenda Mwanjelwa, nenda Kabwe, panda daladala ya Uyole, stori ni ile ile. "City inaleta Mkongo, mashine." "Prisons wanachukua beki kutoka Kanda ya Ziwa." "Mimi nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa." Ukimuuliza huyo mtu wa ndani ni nani, anaagiza chai.

Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa tetesi, sijitoi. Ila nimekaa nikapiga hesabu ya miaka kumi na kitu hii, nikaona kwamba swali tunalouliza kijiweni siyo lenyewe. Sisi tunauliza nani anakuja. Timu zetu za huku Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kuangushwa na yule ambaye hakuja. Zinaangushwa na wale walioondoka, na sisi tukiwa bize kumsubiri Mkongo.

Nipeni dakika chache niwaonyeshe.

TUANZE NA CITY YA 2013

Wadogo zangu mliokuwa bado shule ya msingi, sikilizeni. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 chini ya kocha Juma Mwambusi. Majina makubwa hakuna. Ni vijana waliopanda pamoja kutoka daraja la kwanza, wanajuana, mmoja akigeuka tu mwenzake anajua mpira unakwenda wapi.

Mechi 26, pointi 49, nafasi ya tatu. Azam bingwa kwa pointi 62 bila kufungwa hata mechi moja, Yanga wa pili na 56. Simba? Wa nne, pointi 38. Soma tena hapo. Timu iliyotoka kupanda ilimwacha Simba kwa pointi 11. Na Azam wenyewe walikuja kumalizia ubingwa hapa hapa Sokoine tarehe 13 Aprili 2014, walipotufunga 2-1. Siku ile uwanja ulijaa mpaka watu wakawa juu ya miti. "Koma Kumwanya" ilikuwa inasikika mbali.

Sasa tuangalie kilichofuata. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga. Mwaka huo huo Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Mwaka huo huo Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga kuwa kocha msaidizi. Ndani ya mwaka mmoja ule mgongo wa timu ukawa Dar. City haikushuka siku hiyo wala msimu huo, ndiyo maana hatukushtuka. Ilibaki ligi kuu, ikawa timu ya katikati, kisha timu ya kuponea chupuchupu, mpaka 2022/23 ikaingia mechi za mchujo, ikatolewa na KMC, halafu ikamalizwa na Mashujaa ya Kigoma. Ikashuka. Imekaa chini misimu miwili, ikapanda tena 2025 ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar.

Ukimuuliza shabiki wa City kwa nini timu ilishuka 2023 atakutajia penalti, refa, kocha. Mimi nasema anzia 2015.

SASA TWENDE IRINGA

Mwaka jana nilikuwa na safari ya Iringa. Nikashuka, nikachukua bodaboda kwenda Kihesa. Tulipopita karibu na Samora nikamuuliza dereva, kijana wa rika langu, "Kaka, hapa mnacheza nini siku hizi?"

Akacheka. "Kamwene! Hapa tunapita tu. Mpira tunaangalia kwenye kibanda umiza."

Inauma, kwa sababu watu wa Iringa wana kumbukumbu ambayo sisi Mbeya hatuna. Tarehe 6 Mei 2019, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports, Lipuli aliikaribisha Yanga Samora akaitandika 2-0. Siyo bahati, siyo penalti ya dakika za mwisho. Mbili bila. Wanapaluhengo wakaenda fainali Lindi, uwanja wa Ilulu, tarehe 1 Juni 2019, wakafungwa na Azam 1-0, bao la Obrey Chirwa. Bao moja tu ndilo liliwazuia kwenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika.

Msimu uliofuata, wa 2019/20, Lipuli wakashuka daraja.

Hebu fikiria hapo. Juni 2019 uko hatua moja kutoka Afrika, 2020 huko ligi kuu. Ilikuwaje? Kocha wa ile safari, Selemani Matola, aliondoka baada ya ule msimu kwenda Polisi Tanzania, na kabla mwaka haujaisha akawa Simba. Ligi nayo ilikuwa na timu 20 na mlango wa kushuka ni mpana. Sisemi Matola peke yake ndiye aliyekuwa Lipuli. Nasema wakati ule wa mapumziko, wakati wa kuingia kambini, ndipo timu ya fainali ilipoanza kuwa timu nyingine. Na tangu iliposhuka, Lipuli haikurudi juu miaka iliyofuata.

Yule dereva aliniambia kitu kingine nikakibeba mpaka Mbeya. "Siku ya mechi nilikuwa napiga trip mpaka usiku. Mama yangu alikuwa anauza ndizi choma nje ya geti. Timu ikishuka haishuki na wachezaji peke yao, kaka."

MAJINA MAKUBWA HAYAOKOI

Kuna atakayesema, "Basi tusajili wakubwa, tuna jiji, tuna matajiri." Sawa, tuangalie KenGold ya Chunya. Walipanda msimu wa 2024/25, mechi za nyumbani wakacheza Sokoine. Duru ya kwanza ikawa mbaya. Dirisha dogo lilipofunguliwa, wakaingia sokoni kwa kishindo: Bernard Morrison, Kelvin Yondani, na Obrey Chirwa, yule yule aliyewaliza watu wa Iringa Lindi.

Mji ulichangamka, msinidanganye, nilikuwepo. Watu waliosema hawaendi tena uwanjani wakaanza kuuliza mechi ni lini.

Mwisho wa msimu KenGold walimaliza mkiani, wakashuka. Wale wachezaji siyo wabovu, historia zao tunazijua. Ila timu inajengwa kambini Julai, watu wanakimbia pamoja mlimani, wanagombana, wanapatana. Ukimleta mtu Januari wakati nyumba inaungua, unamkabidhi ndoo, siyo jezi.

TIMU INAWEZA KUONDOKA YENYEWE

Na kuna aina nyingine ya kuondoka, mbaya kuliko zote. Ihefu ya Ubaruku, Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022 walimfunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, wakavunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kupoteza kwenye ligi. Oktoba 2023 wakarudia, 2-1 tena. Watu wa mpunga walikuwa wanatembea vifua mbele.

Katikati ya msimu ule ule wa 2023/24 timu ikahamia Singida. Baadaye mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Haikushuka daraja. Iliondoka tu, kama mpangaji anayehama usiku.

Sasa jumlisha. Kuanzia 2020 mpaka 2025 mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa na timu tano zilizogusa ligi kuu: Prisons, City, Mbeya Kwanza, Ihefu na KenGold. City ilishuka ikarudi. Mbeya Kwanza ilipanda 2021/22 ikashuka msimu huo huo. KenGold hivyo hivyo, msimu mmoja. Ihefu ilihama. Iliyokaa muda wote ni Tanzania Prisons peke yake.

Kwa nini Prisons? Siyo kwamba wana hela nyingi. Wajelajela ni timu ya Jeshi la Magereza, ina mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe huyo hawezi kuamka asubuhi akaiuza. Kocha akiondoka taasisi ipo. Na bado hata wao 2024/25 walipona kwenye mchujo kwa kumtoa Fountain Gate, kwa hiyo wasijisahau.

"UTAMFUNGA KAMBA?"

Rafiki yangu mmoja wa Soweto, shabiki wa City wa kufa, nilipomwambia haya akanijia juu. "Wewe dogo, mchezaji anaitwa na Yanga, mshahara mara tano. Utamfunga kamba?"

Hapana, simfungi. Na aende, ana wazazi wanamsubiri. Hata mimi ningekwenda, tena bila begi.

Ninachouliza ni anaondokaje. Sheria ya FIFA iko wazi: mchezaji akibakiza miezi sita kwenye mkataba anaruhusiwa kusaini makubaliano na klabu nyingine. Mkataba ukiisha anaondoka bure. Kwa hiyo kiongozi anayesubiri mpaka Julai ndipo aanze mazungumzo na mfungaji wake, huyo amechelewa tangu Januari. Ukimwongezea mkataba mapema, Yanga au Simba au Azam akija anakuja na hela, na hela hiyo inasajili vijana wawili watatu. Ukichelewa unabaki na picha zake tu.

Na tusisingizie umaskini kila siku. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha ligi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Klabu za ligi kuu zinapata mgao humo. Hautoshi kushindana na Kariakoo, nakubali. Ila unatosha kukaa na mchezaji wako mezani mwezi wa Desemba badala ya Julai.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KAMBI

Kwa hiyo wadau, mkikutana na kiongozi wa timu yenu, iwe kwenye kikao cha matawi au hata sokoni, achaneni na Mkongo. Muulizeni haya:

1. Kati ya 11 waliomaliza msimu, wangapi wana mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja? Wakiwa chini ya 6, anza kuogopa mapema.

2. Kocha yule yule anaingia kambini? Kama hapana, mpya anaanza siku ya kwanza au anaikuta timu ishapakia basi?

3. Kambi ni wiki ngapi? Timu inayoanza mazoezi siku kumi kabla ya ligi inafanyia mazoezi kwenye mechi, na zile pointi hazirudi.

4. Timu ni ya nani? Kwenye karatasi, siyo kwenye wimbo. Watu wa Ubaruku walikuwa na nyimbo nzuri sana.

Ligi ya timu 16 ina mechi 15 za nyumbani. Ukishinda 9 tu Sokoine una pointi 27, zikiongezwa sare mbili tatu za ugenini hauko mbali na usalama. Sokoine ina baridi, ina mlima, na mgeni anafika hoi kwa zaidi ya kilomita 800 za barabara kutoka Dar. Hivyo vyote tunavyo bure. Ila faida ya nyumbani anaijua mchezaji aliyekaa. Aliyekuja juzi naye ni mgeni, anatetemeka baridi kama mpinzani.

Na kitu cha mwisho, hiki kinatuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu huku tuna timu mbili: ya mkoa na ya Kariakoo. Kaseke alipokwenda Yanga 2015, nusu ya kijiwe chetu kilishangilia, na mimi nilikuwemo. Tulijiona tumepata mchezaji, kumbe tumempoteza. Viongozi wanatusoma. Wakiona hatuumii, hawatahangaika.

Siku hizi nikipita Sokoine jioni nikakuta vijana wanapasha misuli, namkumbuka yule dereva wa Kihesa. Samora haikuanza kuwa kimya siku Lipuli iliposhuka. Ilianza mwaka mmoja kabla, kipindi kama hiki, watu wakiwa kijiweni wanabishana nani anakuja.

Nawasilisha. Watu wa Iringa nawasubiri hasa, semeni na ninyi mlichokiona. Wa Mbeya, mwenye orodha ya waliobaki aiweke hapa. Ya wanaokuja tunayo ya kutosha.